Kambi ya Familia Saadani: Aliyebebwa Ana Kitabu, Waliobeba Hawana Hata Jina

Familia ikitoka Mapera au Mbinga mjini kushuka Mbamba Bay kulala ufukweni, ugomvi wa kwanza huwa mmoja tu: mizigo. Mama anataka sufuria zote ziende, watoto wanataka godoro, baba anaitazama buti ya gari anakuna kichwa. Hema, jiko la gesi, maji, dawa ya mbu. Mwisho wa siku kila kitu kinaingia, gari linabeba, safari inaanza.

Sasa vuta picha hakuna gari.

Mwaka 1884 familia moja ya Kiingereza ilikuwa na shida hiyohiyo. Baba ni baharia aliyekuwa kazini na London Missionary Society, mama, na mtoto wao mdogo wa kiume. Wanaelekea Ziwa Tanganyika. Mpango wao ulikuwa wapitie Ziwa Nyasa: meli hadi Quilimane kule Msumbiji, wapande na mto Shire, halafu ziwani moja kwa moja mpaka kaskazini. Wangepita mbele ya ufuko huohuo wa Mbamba Bay. Ila vita vikawaka huko Shire, njia ikafungwa. Wakarudi Zanzibar, wakavuka bahari hadi Saadani.

Saadani ndiyo ile ile ya leo, kati ya Bagamoyo na Pangani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Watu wanaipenda kwa sababu nyika inagusa Bahari ya Hindi kabisa. Asubuhi unaona twiga, mchana unaenda na boti mto Wami kutazama viboko na mamba, usiku unalala unasikia mawimbi. Na kuna kasa wanaotaga ufukweni Madete. Kwa familia inayotaka kutulia mbali na foleni, pazuri mno.

Lakini karne ya 19 Saadani haikuwa mahali pa kutulia. Ilikuwa stendi. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, vitambaa na shanga vilipanda kutoka pwani, na vyote vilikwenda juu ya mabega ya watu.

Kwa nini mabega? Si kwamba hakuna aliyefikiria magurudumu. Mwaka 1876 wamisionari walijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa wakiwa na ng'ombe wanne tu, wakaona inawezekana. Mwaka uliofuata wakaja na magari ya kukokotwa na maksai, yale ya kulala humo humo. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Magari yakabaki, na kazi ikarudi kwa wapagazi.

Ndiyo maana yule mama alipofika Saadani, alikuja na kiti cha magurudumu, cha aina waliyotumia wagonjwa Uingereza. Njia za bara hazikutaka magurudumu. Kikafungwa miti, kikawa cha kubebwa. Zaidi ya kilomita 1,300, siku 90 hivi, na Januari 1885 familia ikaingia Ujiji. Mama akaandika kitabu, kikachapwa London mwaka 1886, na jina la kitabu likakitaja kiti chenyewe. Kiti kikapata umaarufu!

Waliokibeba je? Hapo ndipo habari inapokata.

Tunachojua ni jinsi watu wa kazi hiyo walivyoishi. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na upagazi kwao ilikuwa kazi ya mtu anayejiheshimu. Mbele alitembea kirongozi, mizigo ilifuata, kila mmoja kilo 30 hivi, na mnyapara akisimamia. Jioni walijigawa vikundi vidogo, kila kikundi na chungu chake. Na hawakuwa wanaume peke yao. Ilikuwa kawaida kwa wake na watoto kuandamana na misafara ya Wanyamwezi, mama kabeba vyombo vya kupikia, mtoto kabeba alichoweza.

Kwa hiyo familia iliyokuwa na hema haikuwa familia ya kwanza kulala porini kwenye njia ile. Familia nyingi zilikuwa zimelala hapo kabla yake, bila hema, na kesho yake zikaamka kubeba tena.

Na usidhani walikuwa wa kuburuzwa tu. Mshahara ulipatanwa kabla ya kuondoka, na kila siku kadhaa kulikuwa na posho, mara nyingi kitambaa cha kwenda kubadilisha na chakula vijijini. Posho ikichelewa, mzigo unabaki chini. Mnyapara akizidi ukali, asubuhi watu hawapo. Leo unaposema "posho imetoka?" ofisini, au unapomwita msimamizi wa kazi nyapara, unatumia lugha yao.

Wajerumani waliishambulia Saadani mwaka 1889, wakati wa vita vya pwani. Baadaye reli kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Ila upagazi haukuisha hapo. Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua watu kwa wingi mno kubeba silaha na chakula cha majeshi, na Kariakoo unayokwenda kununua nguo imepewa jina na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps.

Basi ukiipeleka familia Saadani, mkimaliza boti na picha, tembeeni hadi kijijini, muulize wazee misafara ilikuwa ikiondokea wapi. Na mtoto akilalamika kwamba begi lake la mgongoni ni zito, msimulie kwamba kuna mtoto mwenzake aliyeondoka hapo kwa miguu na kibuyu chake kichwani, akaenda mpaka Ujiji.