Wadachi na Waingereza Katika Pwani ya Tanga

Somo la leo ni habari ya urafiki wa mashaka.

Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Kidachi ilianza kutawala Mrima kwa mkataba wa Sultani Khalifa. Watu wa Pangani wakakataa, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Mwezi wa Desemba manowari za Kidachi na za Kiingereza zikaizingira pwani kwa pamoja, ikatangazwa kwamba ni kuzuia watumwa na silaha. Lakini kila mmoja alikuwa na shauri lake moyoni: Mdachi alitaka kuwashinda wenyeji, Mwingereza alichelea kumwacha mwenziwe peke yake karibu na Unguja.

Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 wakubwa wale wakapatana: Mwingereza apate ulinzi wa Unguja na Pemba, Mdachi abaki na Mrima. Wenyeji hawakuulizwa.

Je, urafiki huo ulidumu? Novemba 1914 meli za Kiingereza zilikuja tena Tanga, zikileta askari wapatao 8,000 kumpiga Mdachi. Wakashindwa.

Basi usikiapo mataifa yameungana, uliza: kila mmoja anachelea nini, na nani hakuitwa barazani?