Jinsi Vitabu Vinavyotajwa Ndani ya Kitabu

Kutoka kwetu Mlandege mpaka Mkunazini si mwendo mrefu. Ukivuka Darajani umekaribia kufika. Ndiko alikojenga kanisa Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864. Yeye alizitoa Injili na Zaburi kwa Kiswahili sehemu moja moja, kila sehemu kijitabu chake. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, naye amekwisha kufa tangu 1882. Je, mtu aliyezoea kuambiwa "tazama Mathayo 5:3" katika kijitabu, alipotea alipoipata Biblia nzima? La, maana hakuelekezwa kwa ukurasa. Kurasa hubadilika kila kitabu kichapwapo upya; bali sura, na zile aya alizozitia Robert Estienne katika Agano Jipya mwaka 1551, hukaa vile vile.

Vitabu vingine havina bahati hiyo. Sisi walimu watatu tulipotunga historia ya mtaa wetu, kila mmoja aliandika sura zake na kuvitia namba vitabu alivyovitaja. Tulipoziunganisha, namba 4 ilikuwa vitabu vitatu mbalimbali. Msomaji aliyetafuta hati ya shamba la mikarafuu alipelekwa kwenye kamusi! Tuliona haya, kwani katika mambo ya shamba namba moja yaweza kuwagombanisha ndugu.

Kumbe dawa ilikwisha kupatikana. Donald Knuth wa Marekani, kwa kuchukizwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa chapa, alitoa programu ya TeX mwaka 1978. Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake, na mwaka 1985 Oren Patashnik akaleta BibTeX. Vitabu vyote huandikwa katika daftari moja, kila kimoja na jina lake fupi, kama steere1870. Mwandishi hutaja jina, hataji namba. Kila sura hukaa katika faili lake, na faili kuu huyaita yote. LaTeX hupita mara ya kwanza ikikusanya majina. BibTeX huyatafuta daftarini na kuandika orodha. Ndipo LaTeX hupita mara mbili tena, hata namba zikae mahali pake. Apitishaye mara moja tu huona alama za kuuliza, akadhani mashine imeharibika. Nasi tulidhani hivyo.

Mwenzetu mmoja alitaka kila sura iwe na orodha yake. Yawezekana, lakini namba zingeanza upya kila sura, nasi tulikwisha kuumwa na nyoka huyo. Tukaweka orodha moja mwishoni. Yeye hajaridhika hata leo. Baadaye tukagundua tumekosea mwaka wa kitabu kimoja. Tuliusahihisha daftarini mara moja, ukasahihika katika sura zote tisa.