Ndege ya London Ilipotua Lindi

Februari 4, 1920, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliruka kutoka Brooklands, Uingereza, wakielekea Cape Town. Walifika Machi 20, siku 45 baadaye, wakiwa kwenye ndege ya tatu: ya kwanza iliharibikia Misri, ya pili Bulawayo. Hata hivyo, hewani walikaa saa 109 na nusu tu. Siku nyingine zote ziliishia ardhini. Wenzao waliojaribu njia hiyohiyo walikwama Tabora, ndege yao ikavunjika.

Viwanja walivyotumia havikujitengeneza. Kule Ndola, vibarua Waafrika walifanya kazi kwa miezi kadhaa wakibomoa vichuguu vikubwa na kusawazisha ardhi ili ndege ipate pa kutua. Majina ya marubani yamo vitabuni. Ya hao vibarua hayamo, na kwangu hilo ni deni la historia.

Februari 28, 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kati ya London na Mwanza. Januari 1932 njia ikasogezwa hadi Cape Town: siku 11. Usiku ndege hazikuruka, na kipande kikubwa cha Ulaya abiria walikipita kwa treni hadi Brindisi, Italia. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za kutua majini, kutoka Southampton hadi Durban. Zilishuka Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Naam, Lindi! Bandari ile tulivu ya kusini ilikuwa ndani ya ratiba moja na Roma, Athens na Cairo, kwa sababu tu ndege ilihitaji mafuta na maji yaliyotulia.

Kisha ikaja jeti. Mei 2, 1952, ndege ya Comet iliondoka London na abiria 36, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg chini ya saa 24. Ndege hiyohiyo ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Elba Januari 10, 1954, ikaua watu wote 35 waliokuwamo. Wataalamu wa utafiti wa ndege wa Farnborough, Uingereza, walilitumbukiza bodi la Comet nyingine kwenye tangi la maji, wakawa wanalijaza na kulipunguza presha tena na tena, mpaka likapasuka. Metali ilikuwa imechoka, na nyufa zilianzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa kwenye bodi. Jeti zilizofuata ziliundwa kwa somo hilo.

Leo London hadi Johannesburg, kama kilomita 9,000, ni saa 11 hivi bila kutua popote. Kilichofutwa si umbali, ni vituo. Johannesburg imefaidika sana. Msafiri wa Lindi anayekwenda London, yeye huanza kwa kutafuta usafiri wa kumfikisha Dar es Salaam.