Uamsho wa Gahini na Swali la Wokovu

Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la kiroho lililochipuka ndani ya Kanisa la Anglikana nchini Uganda na Rwanda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Haukukusudia kuunda dhehebu jipya. Uliwageukia watu waliokwisha kubatizwa na kupata kipaimara, ukamuuliza kila mmoja wao kama ameokoka.

Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo. Njaa kali ilikuwa imeikumba Rwanda, na mahubiri yake aliyaona hayazai matunda. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mtumishi wa serikali, aliyekuwa na kiu ileile. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini. Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitalini hapo, alimwendea Nsibambi na malalamiko juu ya hali ya kazi. Akaambiwa kwamba chanzo cha matatizo kilikuwa dhambi moyoni mwake. Alirudi Gahini ametubu.

Desemba 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walisimama mmoja baada ya mwingine na kuungama hadharani. Kigozi alifariki Januari 1936, lakini wito wake wa kuliamsha kanisa ulizidi kuenea. Uamsho ulifika Kenya mwaka 1937, na kufikia mwaka 1939 ulikuwa Bukoba, Tanganyika.

Waliookoka waliitwa walokole. Katika mikutano yao ya ushirika, mlokole alitaja siku aliyookoka, kisha akataja dhambi zake kwa majina: wizi, uzinzi, chuki dhidi ya jirani. Mali ya wizi ilirudishwa kwa mwenyewe. Ndugu walimkumbatia na kuimba pambio la Kiganda la Tukutendereza Yesu. Wazungu na Waafrika waliungama mbele ya wenzao, jambo geni katika enzi ya ukoloni.

Mgogoro mkubwa ulihusu uhakika wa wokovu. Wakristo wengi waliamini kwamba hatima ya mtu hujulikana Siku ya Hukumu, na kwamba kusema "nimeokoka" ni majivuno. Walokole walijibu kuwa wokovu ni neema, hivyo anayeutangaza anamsifu Kristo, hajisifu mwenyewe. Hata hivyo hawakudai kuwa aliyeokoka hatendi dhambi tena. Kwa kufuata 1 Yohana 1:7, walisisitiza kutembea nuruni: aliyepoa au kuingiwa na mashaka aliyaeleza mbele ya ndugu, akatubu na kuombewa.

Msimamo huo uliwagharimu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa kukataa kuacha ibada zao za alfajiri na kuhubiri. Nyanza nchini Kenya, mvutano na walokole ulichangia kundi la Johera kujitenga na Kanisa la Anglikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati wa vita vya Mau Mau, Wakikuyu wengi waliookoka walikataa kiapo cha Mau Mau kwa sababu ya damu ya Yesu, na baadhi walikataa pia kubeba silaha za serikali; kadhaa waliuawa.

Uamsho ulilea viongozi waliojulikana duniani. Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa nchini Uganda chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977. Askofu Festo Kivengere alikimbilia uhamishoni, akafundisha kumsamehe Amin. Ushuhuda wa hadharani na salamu ya "Bwana asifiwe" vimeenea hadi katika makanisa mengi ambayo hayakutokana na Gahini.