Uboreshaji wa huduma ya maji Dar es Salaam

Uboreshaji wa huduma ya maji Dar es Salaam ni kazi ya kupanua vyanzo, mitambo na mabomba yanayohudumia jiji hilo na vitongoji vyake. Sehemu kubwa ya maji hutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu hupitisha maji Kibaha hadi matangi ya Kimara. Ule wa Ruvu Chini, uliojengwa miaka ya 1970, huhudumia Kinondoni kwa bomba linalofuata Barabara ya Bagamoyo. Temeke ina mtambo mdogo wa Mtoni, kwenye Mto Kizinga, lakini kwa muda mrefu imetegemea visima, ambavyo vingi hutoa maji ya chumvi.

Mwaka 2003 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water. Serikali ilivunja mkataba huo mwaka 2005, ikaunda shirika la DAWASCO, ambalo mwaka 2018 liliunganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Upanuzi uliinua uwezo wa Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 hadi 270 kwa siku, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196.

Mtambo pekee hautoshi. Mtaa usio na bomba la kusambaza hubaki na boza, madumu ya lita 20 na mkokoteni, na anayenunua kwa dumu hulipa zaidi kuliko mwenye mita. Ukame nao hupunguza mto wenyewe: mwishoni mwa 2022 jiji liliingia kwenye mgao. Ndiyo maana bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu, mkoani Morogoro, lina uzito mkubwa: litahifadhi maji ya masika yatumike kiangazi.