Rauta ya pili: mtandao ufike hadi nyumba ya nyuma

Haya wadau, hili wengi mnaniuliza, hasa wa huku kwetu Gwarama. Duka liko barabarani, vijana wa mtihani wanasoma nyumba ya nyuma, katikati kuta za tofali za kuchoma na bati. Tofali hupunguza nguvu ya mawimbi, ila bati ndiyo noma, yanadunda tu. Matokeo yake kila mtu ananunua bando lake, hela inaisha.

Dawa ni rauta ya pili. Si jambo jipya, Apple walitoa AirPort Extreme mwaka 2003 ikiwa na WDS, yaani kituo kimoja kinapokea toka kingine hewani na kurusha mbele. Wao waliacha kuziuza 2018, ila rauta kibao za bei poa zinaweza. Ubaya, redio ileile inapokea na kurusha, kwa hiyo kasi inabaki kama nusu. Na ukiiweka pale ambapo mawimbi yameshakufa, itarusha nini? Weka katikati ya njia.

Mimi nasema vuta waya. Unafika mita 100. Chomeka tundu la LAN pande zote, siyo WAN. Kama rauta ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili ipe 192.168.1.2 halafu zima DHCP yake, la sivyo zitagombania kugawa anwani. Jina na neno la siri yafanane, chaneli zitofautiane: 1, 6 au 11. (Kwa WDS chaneli lazima iwe moja.)

Halafu radi za huku mnazijua. Waya ukipita nje, wingu likifunga tu, chomoa pande zote mbili.