Mkanda wa Kunyanyua Vyuma: Ufunge Lini, Uuache Lini



Juzi mpwa wangu wa miaka kumi na tisa alinijia nyumbani na mkanda mpya wa ngozi, mgumu kama ubao. "Mjomba," akaniuliza, "naambiwa nikichutama na vyuma bila mkanda huu nitavunjika mgongo. Ni kweli?"

Nilimwambia akae kwanza, tunywe chai. Swali hilo nami lilinihusu miaka sita iliyopita, ila sikumuuliza mtu. Niliingia jimu ya mtaani nikiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya daktari kunionya kuhusu sukari. Nikanunua mkanda wa mtumba, nikawa naufunga tangu ninapoingia hadi ninapotoka, hata nikinyanyua kile chuma kidogo cha mkono mmoja. Siku moja nikaongeza kilo 20 juu ya uzito niliouzoea. Kisa na maana? Mkanda upo. Mara ya tatu kushuka, kiuno kikakatika kama kamba. Wiki tano niliswali juu ya kiti, mwisho wa safu, pamoja na wazee wa miaka themanini. Rukuu ilinishinda, na sijda ndiyo kabisa.

Kwa hivyo haya ninayoyaandika nimeyasoma, nimeyauliza kwa wanaojua, na mengine nimeyalipia kwa mgongo wangu.

Mkanda unafanya kazi gani?

Wengi hudhani mkanda unaushika mgongo kama plasta inavyoushika mkono uliovunjika. Sivyo. Tazama gunia la mchele: likijazwa hadi mdomoni husimama wima, likijazwa nusu hujikunja katikati. Kiwiliwili chako ni gunia hilo. Ukivuta pumzi ndani ya tumbo, ukaifunga, kisha ukakaza misuli ya tumbo pande zote, shinikizo la ndani hupanda na uti wa mgongo hupata mhimili kutoka mbele. Pumzi ya namna hiyo huitwa kwa jina la tabibu Mtaliano, Antonio Maria Valsalva, aliyefariki mwaka 1723.

Mkanda ni ukuta tu wa kusukumia. Tumbo linapousukuma, shinikizo huongezeka zaidi. Usiposukuma, umevaa pambo. Mama zetu walilijua jambo hili zamani. Ndio maana mtu akiingia kazi nzito husemwa amejifunga kibwebwe, na hamali akajifunga masombo kiunoni kabla ya kutia gunia begani.

Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani waliwachutamisha wanaume 14 kwa uzito wa asilimia 90 ya uwezo wao wa juu, wakiwa na mkanda na bila mkanda. Walipofunga, chuma kilipanda kwa kasi zaidi. Kazi ya misuli ya mgongo na miguu waliyoipima haikutofautiana sana. Maana yake, madai ya kwamba mkanda huifanya misuli ya mgongo ilale usingizi hayakuonekana hapo. Lakini mkanda nao haukufanya kazi kwa niaba ya misuli.

Je, unazuia kuumia?

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo nilipoangukia mimi. Mwaka 1994 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa ripoti kuhusu mikanda inayovaliwa na wabeba mizigo. Ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inawakinga wafanyakazi wenye afya wasiumie mgongo, na ikaonya kwamba huenda ikawafanya wajaribu mizigo inayowazidi. Mwaka 2000 ukachapishwa utafiti wa wafanyakazi wa maduka makubwa zaidi ya 9,000. Waliovaa mkanda hawakuumia migongo kwa uchache kuliko wasiovaa.

Ni kweli wale walikuwa wakibeba bidhaa za dukani, si mtaimbo wa jimu. Lakini funzo linatufaa sote, pamoja na vijana wetu wanaopakia mizigo bandarini na sokoni Kongowea. Mkanda hauongezi haki ya kubeba usichokiweza. Wenye duka wakikupa mkanda badala ya mwenzako wa kukusaidia kubeba, fahamu umepunjwa.

Ufunge lini?

Kwanza, usiufunge kabla ya kujua kuchutama. Miezi yako ya mwanzo iwe bila mkanda. Jitazame, au mwombe mwenzako akutazame: visigino vimekaa chini? Magoti yanafuata uelekeo wa vidole? Mgongo umebaki umenyooka hadi chini, au unajikunja mwishoni? Kosa lolote katika haya halitibiwi na mkanda. Mkanda utalificha mpaka uzito uwe mkubwa, kisha litajitokeza siku mbaya.

Pili, uweke kwa ajili ya uzito mkubwa. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kuanzia asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja. Tuseme upeo wako ni kilo 100. Unaanza na mtaimbo mtupu, ambao ule wa kawaida wa mashindano ya wanaume huwa kilo 20. Unapanda 40, 60, 70, zote bila mkanda. Ukifika 80 au 85, na unachutama mara tano au chini yake, hapo ufunge. Ikiwa vyuma vyenu ni makopo ya saruji yasiyo na kipimo, tumia akili: ikiwa ungeweza kurudia mara kumi bila taabu, uzito huo hauhitaji mkanda.

Tatu, ufungue kila unapomaliza raundi. Kutembea jimu nzima umejibana ni kujinyima pumzi bure.

Nne, ikiwa unajiandaa kwa mashindano, zoea mkanda mapema na ujue sheria. Shirikisho la kimataifa la IPF, lenye mashindano ya kuchutama, kusukuma kifuani na kuinua kutoka chini, linaruhusu upana usiozidi sentimita 10 na unene usiozidi milimita 13. Unyanyuaji wa Olimpiki chini ya IWF unaruhusu upana hadi sentimita 12.

Namna ya kuufunga

Uweke kati ya mbavu na mfupa wa nyonga, kwa wengi ni usawa wa kitovu. Ukiwa umetulia, kidole kiweze kupenya kati ya mkanda na tumbo. Vuta pumzi iende tumboni, isiishie kifuani, kisha usukume mkanda mbele, ubavuni na nyuma. Usinywee tumbo ndani kama mtu anayepigwa picha ya harusi! Shuka, panda, na ukishaipita sehemu ngumu toa pumzi.

Mkanda wenye upana mmoja pande zote ndio bora kwa kuchutama, kwa sababu tumbo hupata ukuta mbele kama lilivyoupata nyuma. Ile mipana nyuma na myembamba mbele hutengenezwa kwa dhana ileile ya kushika mgongo. Na katika mwezi wa Ramadhani, wale mnaokwenda jimu baada ya tarawehe, msijibane mkanda juu ya futari. Kiungulia kitawakumbusha kila sambusa mliyokula.

Nani asiufunge kabisa?

Msomaji mwenye umri wangu, hapa tafadhali soma polepole. Presha ya mtu aliyetulia ni kama 120 kwa 80. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyuaji watano wazoefu, kwa kipimo kilichowekwa ndani ya mshipa wa damu, wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu miwili huku wamefunga pumzi. Wastani ulifika 320 kwa 250. Kwa kijana mwenye mishipa mizima, presha hiyo hushuka baada ya sekunde chache. Kwa mtu ambaye presha yake iko juu tangu asubuhi na hajui, ni kucheza na kiharusi.

Kwa hivyo mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, ngiri, presha ya macho, aliyepasuliwa tumbo karibuni, au mama mjamzito, asifunge mkanda na wala asifunge pumzi chini ya chuma kizito kabla ya kuzungumza na daktari. Hilo halimaanishi akae kitako. Uzito mwepesi, pumzi ikitoka kila anapopanda, unamfaa mtu wa sukari na wa presha pia, daktari wake akiridhia.

Na kama mgongo unauma sasa hivi, usiuzibe mdomo kwa mkanda. Maumivu yanayoshuka hadi mguuni, ganzi, au udhaifu wa mguu ni mambo ya hospitali. Ukiona ganzi sehemu za siri au mkojo umekushinda, nenda siku hiyohiyo.

Mpwa wangu je?

Jioni ile tulikwenda jimu pamoja. Nilimwambia auache mkanda ukutani, kwenye msumari, tuanze na mtaimbo mtupu. Alichutama vizuri. Tukatia kilo 40, bado vizuri. Kilo 60, visigino vikaanza kuinuka na mgongo ukajikunja. Wiki nzima alikuwa akibeba 80 akiwa na mkanda na hakuna aliyemwambia kitu.

"Kwa hivyo nimepoteza pesa, Mjomba?"

Nilimwambia hapana, ngozi haiozi. Tukarudi kwenye 40, tukatia kibao chembamba chini ya visigino, na tukakubaliana aongeze kilo mbili na nusu kila wiki madamu visigino vinakaa chini. Kwa mwendo huo ataufikia mkanda wake akiwa na haki nao. Mwenda pole hajikwai.

Adhana ya Magharibi ilitukuta pale, tukaenda kuswali. Nilisimama katikati ya safu, na nilipokwenda rukuu nilikikumbuka kile kiti cha mwisho wa safu. Alhamdulillahi, safari hii kilikuwa na mwenyewe mwingine, mzee anayekistahili.